Tume ya Joto na Nyuzi Thelathini

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Utulivu wa Umma ilitangaza rasmi kwamba joto halitavumiliwa tena, na kwamba Tume ya watu saba imeundwa kulikabili. Tangazo lilibandikwa kila mlango, hata wa choo. Halikuhusu hali ya hewa. Lilihusu laptopu ya Mkurugenzi.

Laptopu hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya takwimu nzito. Kwamba dukani ilikuwa kwenye rafu ya mashine za gemu, na kwamba vitufe vyake viliwaka taa nyekundu, kijani na zambarau, Idara haikuona neno: takwimu nazo zinahitaji kupendeza. Mwezi uliopita fundi kompyuta, mama wa watoto wawili aliyeajiriwa kwa mkataba, aliagizwa kuiongezea memori na diski mpya. Akaiongezea. Tangu hapo mashine ikawa inanguruma na kuzimika ghafla, na kwa kuwa lazima mtu awe na hatia, akabebeshwa yeye. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa, na haungeongezwa mpaka mashine ipoe.

Fundi alijua tiba. Ni kufungua kifuniko cha chini, kusafisha feni, kupaka upya dawa ya kupozea prosesa, kisha kuiondoa mashine kwenye kitambaa cha mahameli chenye matamvua ambacho Mkurugenzi alikuwa akiilaza juu yake kwa heshima ya cheo. Tatizo ni kwamba skrubu zilifunikwa na lakiri, nta ya muhuri wa Idara, na kuikata bila kibali ni kosa. Basi akaandika barua: "Prosesa imefika nyuzi tisini na nane. Naomba kibali cha kupunguza nyuzi thelathini."

Barua ilizunguka ofisi tano. Jumatano ikarudi imegongwa mihuri mpaka maneno yakakosa pa kupumulia. Ombi limekubaliwa. Hata hivyo, kupunguza nyuzi si kazi ya fundi kompyuta. Ameteuliwa mtaalamu.

Mtaalamu alifika Alhamisi, futi shingoni, mkasi mkononi. Alikuwa fundi cherehani.

Fundi kompyuta alitaka kucheka, akawakumbuka watoto, kicheko kikamkauka. Hasira zikampanda. Miaka sita ya kazi, halafu ifutwe kwa sababu mtu hajui tofauti ya nyuzi za joto na nyuzi za kushonea!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa kuna nguo imezidi nyuzi thelathini. Iko wapi?"

"Si nguo, mzee. Ni kompyuta hii."

Mzee akaizunguka. "Nimewashonea wakubwa miaka arobaini. Mtu akiniambia kiuno hakijaongezeka, ni suruali iliyosinyaa, namwambia ndiyo, bosi. Lakini hili, mwanangu, limenishinda."

"Hebu nione kibali chako."

Kibali kilisema mtaalamu apunguze nyuzi popote zilipo, na afungue chochote kinachozificha. Fundi akakisoma mara mbili.

"Mzee wangu, mkasi wako mkali?"

"Unakata hata maneno ya mteja."

"Basi kata lakiri hiyo."

Wakafungua. Feni ilikuwa imejiviringishia nyuzi za mahameli na za matamvua, zimesokotana na vumbi na kuziba kila tundu. Mzee akaguna kwa furaha, akaanza kuzinyofoa huku akihesabu kwa sauti. Zilipofika thelathini akaweka mkasi chini.

"Zimetimia."

"Bado zipo nyingi, mzee."

"Naziona. Hizo nitakutolea kindugu. Za Idara zimekwisha."

Ijumaa, mashine ikiwa imekwisha pakwa dawa na kuondolewa kwenye mahameli, Katibu Mkuu wa wizara alikuja kushuhudia kikao cha Tume. Karani akasoma kumbukumbu zilizotiwa saini na Mkurugenzi mwenyewe: mashine huchemka kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Mkurugenzi akafungua takwimu. Nyuzi arobaini na mbili.

"Tumeshinda!" alisema Mkurugenzi. "Tufunge kikao."

"Samahani, mheshimiwa," fundi alisema. Mashine ikizimika wiki ijayo, angelaumiwa nani? "Ijaribiwe kwa ile kazi inayoichemsha kila siku."

"Kazi yangu ndiyo hii."

"Hii haichemshi hata chai," Katibu Mkuu akasema. "Ile ya saa tatu hadi saa kumi iko wapi?"

Tume ikaunga mkono kwa kauli moja. Utaratibu ni utaratibu. Mkurugenzi akameza mate, akabonyeza. Skrini ikalipuka moshi na mabomu: KARIBU TENA, KAMANDA RADI. ADUI WAKO MKUU, MFALME WA VUMBI, ANAKUSUBIRI.

Katibu Mkuu aliruka kitini. "Kumbe Kamanda Radi ni wewe! Jumanne uliniua mara nne nikiwa kwenye kikao cha..."

Maji yalikwisha mwagika.

"Mara nne au tano, mheshimiwa?" aliuliza karani, kalamu tayari. "Kumbukumbu zisije zikapotosha."

Mabomu yaliendelea kulipuka, na pembeni mwa skrini namba ya joto ilisimama kwenye sitini na nane. Mashine haikuzimika. Fundi aliitazama, machozi yakamlengalenga kwa raha, kisha akaitoa karatasi ya mkataba na kuiweka mezani.

"Nyuzi thelathini zimepungua, wakubwa. Nasubiri saini."

Walisaini wote wawili papo hapo, wakinyang'anyana kalamu ya karani. Pa kujaza muda wa mkataba palikuwa patupu, na kwa vile hakuna mkubwa aliyeinua macho, fundi akapajaza mwenyewe, taratibu, kwa mwandiko mzuri.