Treni Yenu Imenichukulia Mama

Masasi Mjini,
22 Septemba 2025.

Kwa Bi Pili,
Mwenyekiti, Kikundi cha Reli ya Urithi ya Mlimani,
Chiwata.

Ndugu Mwenyekiti, uliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita,

YAH: KUCHUKULIWA KWA MAMA YANGU MZAZI

Shikamoo yako uliyonitumia kwa simu wiki iliyopita niliipata, na marahaba yake naiambatanisha hapa ili tusianze na upungufu wa adabu. Sasa tuingie kwenye malalamiko.

Kwa faida ya wajumbe wako wasionijua, mimi ni Vitalis Optatus, mwalimu mstaafu, mkazi wa Masasi. Bibi Imakulata ni mama yangu. Ana miaka themanini na mitatu na anaishi peke yake Chiwata, hatua mia mbili kutoka kituo chenu cha chini. Msimu wa mvua uliopita aliteleza jikoni akalala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, jirani yake Bi Somoe alipokuja kuomba moto. Tangu siku hiyo sipati usingizi wa maana. Mimi na mke wangu Agatha tumemwandalia chumba hapa kwetu. Tumevunja kizingiti asijikwae, tumepaka rangi aliyoichagua mwenyewe, na fundi amechonga kitanda kifupi ili akikaa miguu yake ifike chini.

Kila nilipomwomba ahamie alinijibu jambo moja: "Nitakuja, mwanangu, nikishapanda treni." Wewe unajua, na wajumbe wanajua, kwamba reli ya kwetu iling'olewa kabla mimi sijaanza kutambaa. Marehemu baba, Mzee Optatus, alikuwa mshika bendera kwenye reli hiyo. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja atampandisha, na reli ikaondolewa kabla siku yenyewe haijafika. Kwa hiyo mama alikuwa ananiambia kwa heshima kwamba atahamia Masasi kuku akiota meno. Ndipo ninyi mkaenda mkamwotesha kuku meno.

Niliposikia mmezunguka vijiji kukusanya vipande vya reli ya zamani, mkavilaza kupandisha mlima kuelekea upande wa Newala, na kwamba Fundi Abdulazizi ameifunga pawatila, ile trekta ndogo ya kulimia, magurudumu ya chuma ili ivute behewa la mbao, hakuna aliyeshangilia kunizidi. Jumamosi ya tarehe 13 nilifika na Agatha kwa basi la alfajiri. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake, na kuku wake saba ameshamkabidhi Bi Somoe. Tulikubaliana mbele ya mashahidi: asubuhi treni, jioni Masasi. Haya ndiyo yaliyotokea.

1. Bango lenu linasema "Kwenda na Kurudi kwa Saa Moja". Kupanda peke yake kulituchukua saa mbili na dakika kumi. Reli inapita katikati ya nyua za watu, na kondakta wenu Gasper ni kijana wa miaka thelathini aliyelelewa vizuri. Hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Na mtu mzima wa Chiwata haitikii marahaba akanyamaza; anauliza habari za nyumbani, za mgonjwa, za mikorosho kama imetoa maua. Nilihesabu vituo. Viwili ndivyo vilivyoandikwa kwenye bango, na ishirini na tisa ni vya shikamoo. Gasper simlaumu hata kidogo. Naulaumu uongozi, watu waliozaliwa hapo hapo, kwa kutunga ratiba isiyo na muda wa kusalimiana.

2. Pawatila ikisimama mlimani inataka kurudi nyuma, kwa hiyo lazima mtu aruke chini aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Mwenye kazi hiyo tuliambiwa amekwenda msibani Ndanda. Gasper akatutazama abiria mmoja baada ya mwingine, akawapita mama mjamzito na masista wawili, macho yake yakatua kwangu. "Mwalimu, samahani sana," akasema, "na shikamoo tena." Niliweka jiwe mara ishirini na tisa nikiwa na viatu vya kanisani. Kisigino cha kiatu cha kushoto kilibaki uani kwa Baba Severina. Naomba kitafutwe.

3. Kile kipande cha reli kilichokuwa kinaning'inia shuleni kama kengele, nilichokigonga nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa mwalimu wako, mmekilaza kwenye kona ya tatu na hamkunitahadharisha. Gurudumu lilipokikanyaga kikalia vilevile. Nikasimama wima, mikono ubavuni, tayari kupanga mstari, nikagonga kichwa kwenye paa la behewa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaa chini weye," akaniambia, "leo hujachelewa." Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba. Hilo la kucheka si lalamiko, limeingia kwa bahati mbaya. Lalamiko ni kichwa.

4. Hapa sasa ndipo penye kosa lenyewe. Tulipofika juu, mama alisimama ukingoni akatazama Chiwata yote ilivyolala kule chini. Wakati wa kushuka Gasper akatupa taarifa mbaya: watu waliokuwa shambani asubuhi wamesharudi, wamekaa nje ya nyumba zao, kwa hiyo salamu zitakuwa nyingi zaidi. Mimi nikaanza kutafuta jiwe lenye mshiko mzuri.

Mama akafungua kibindo chake akatoa kitambaa cha kijani. Ilikuwa bendera ya baba. Kumbe aliihifadhi sandukuni miaka yote hiyo, na sikuwahi kuiona. Akaenda kukaa mbele, pembeni ya dereva, akasema: "Mlima huu mimi nimwamkie nani? Wote nimewaona wakizaliwa. Washa mashine yako, baba."

Na kweli, Ndugu Mwenyekiti, hakuna aliyemzidi umri. Watu walipoiona bendera na aliyeishika, walisimama wenyewe kwenye nyua zao wakapaza sauti: "Shikamoo, Mama Vitalis!" Naye akawa anaitikia marahaba kulia na kushoto huku treni inapita. Hatukusimama. Jiwe langu nililipakata magotini kama mtoto wa mwenzangu. Tulisimama mara moja tu, kwa Mzee January, anayedai ana miaka themanini na mitano, ingawa mama anashikilia kwamba ile miwili aliiongeza alipokuwa anataka kuoa. Tulishuka kwa dakika ishirini na mbili.

Kituoni ulikuwa unatusubiri wewe mwenyewe. Ulimpigia mama goti, ukamshika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukamwomba awe mshika bendera wa kikundi kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na jiwe. Hukunitazama.

5. Matokeo yake ni kwamba mama aliamuru mzigo wake ufunguliwe. Kuku wakarudishwa, sita badala ya saba, maana mmoja Bi Somoe alikuwa ameshamchinja kwa ajili ya kumuaga. Nilipomkumbusha makubaliano yetu alinijibu kwamba yale aliyafanya akiwa hana kazi, na sasa ana kazi. Tulirudi Masasi na kiti chake kitupu katikati yetu. Kitanda kifupi kipo, kimetandikwa, na kila nikipita mlangoni nakitazama. Nitasema wazi, Bi Pili, kwa kuwa wewe ni mwanangu kwa chaki: naogopa. Naogopa siku atakapoteleza tena na mimi niko huku nasoma gazeti.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa upole wangu.

Kwanza, mama astaafishwe mara moja. Mimi mwenyewe nilistaafishwa nikiwa na miaka sitini, nikiwa na nguvu zangu, na hakuna aliyenipigia goti. Kwake mmechelewa miaka ishirini na mitatu.

Ikiwa hilo ni gumu, mpateni mzee mwingine anayemzidi kila mtu mlimani. Nimewafanyia utafiti bila malipo, na aliyepo ni Mzee January peke yake. Lakini umri wake una utata, na kwa anavyopenda kuzungumza, mkimpa bendera treni haitaondoka kituoni.

Na ikiwa hilo nalo limeshindikana, basi ombi langu la mwisho ni jepesi: ongezeni reli mpaka mlangoni kwangu hapa Masasi, ili mama alale kwangu na awahi kazini. Najua ni mbali. Najua pia kwamba reli zipo, kwa kuwa nimeanza kuziorodhesha. Ipo moja inayoshikilia paa la baa, moja mafundi wanafulia vyuma juu yake, moja ni daraja la mfereji nyuma ya soko, na nguzo zangu mbili za kamba ya kuanikia nguo ni reli halisi. Salamu za njiani zisiwatie hofu. Mama atakuwa ndani.

Nisipopata majibu ndani ya siku kumi na nne, malalamiko haya yatakwenda ngazi za juu, tena kwa wino mwekundu, ambao wewe unaukumbuka.

Nisalimie Gasper, umwambie aendelee na adabu hiyo hiyo. Msalimie Fundi Abdulazizi, Baba Severina na familia, masista wote wawili, na Bi Somoe pamoja na kuku sita. Mzee January msalimie mara mbili, la sivyo atasema amesahauliwa.

Ni mimi niliyekufundisha kuandika barua za malalamiko, ninayelipwa leo kwa kazi yangu,

Mwl. Vitalis Optatus

N.B. Barua hii ilikaa mezani wiki nzima kwa kukosa mtu wa kuja huko, ndipo jana Jumamosi nikaamua kuileta kwa mkono. Nilifika treni inashuka. Nilijificha nyuma ya mkorosho, mama asinione, nikahesabu kama nilivyohesabu mawe. Watu arobaini na mmoja walimwamkia, na kila mmoja alimtazama usoni. Bi Somoe amenieleza kwamba hata siku zisizo na treni hapakuchi bila mtu kufika mlangoni kwake kuuliza Bibi ameamkaje na kama Jumamosi atakuwepo. Akichelewa kufungua mlango asubuhi, mlima mzima utajua kabla chai haijachemka. Hapa Masasi tungekuwa tunamwangalia wawili, mimi na Agatha, na mimi mchana huwa nalala.

Kwa hiyo yote yaliyoandikwa juu yapuuzeni, isipokuwa la kisigino. Sikuthubutu kuikabidhi barua jana. Nimerudi nayo, na sasa itatangulia kwa dereva wa basi. Ijumaa tunafika na gari la mizigo. Tutakuja na kitanda kifupi, godoro letu sisi wawili, na zile nguzo mbili za kuanikia nguo, ambazo Agatha ameshazing'oa bila kuniuliza. Mama nimempigia simu leo; ameshatutengea chumba, na ameniambia nikae humo kwa adabu.

Na huyo wa jiwe, akiendelea kukawia msibani, msihangaike kutafuta mtu. Kile kituo cha kwa Mzee January nitakishika mimi. Safari hii nitakuja na viatu vya shamba.