Besi ya Yoramu na Masanduku ya Mninga

Sogeeni, enyi wachuma kahawa na wakata majani ya ng'ombe, tueni mizigo yenu mnisikilize; maana nawasimulia vita alivyopigana Yoramu wa Machame, mwenye kifua kama pipa, mwimba besi wa kwaya ya usharika, akiwa na bisibisi mkononi.

Mwaka themanini na saba kwaya yao ilirekodi kanda. Tangu hapo, katika kila redio iliyoingia nyumbani mwake, soprano zilipaa, sauti za tenori zikajibu, na besi ya Yoramu haikusikika hata chembe. Mkewe Kindness, mwenye ulimi mtulivu na mkali, aliwaeleza mashemeji wote sababu. "Baba Goodness alikuwa anachezesha midomo tu."

Aibu hiyo aliibeba karibu miaka arobaini, hata binti yao Goodness alipomtumia spika mbili nzuri zisizo na masanduku. Ndipo shujaa akainuka. Alizifunga kwanza kwenye madebe. Kwaya nzima ikalia kama imetumbukia kwenye tangi la maji. Akazihamishia kwenye chipbodi ya kabati bovu. Kelele za bati zikakoma, lakini kila noti ya chini ilipofika, kuta za sanduku zilitetemeka na kunguruma, asijue lipi ni koo lake na lipi ni kabati.

Akajitwika sanduku moja, akashuka mpaka Shirimatunda kwa seremala Valerian, bwana wa randa na gundi.

"Shikamoo mzee," akasema Valerian, akaigonga ile chipbodi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Mzee Yoramu, sanduku jema ni lile lisiloimba. Hili linaimba kumshinda mwenye wimbo. Niletee mbao nzito, unene wa vidole viwili, nami nitakujengea ngome ambamo spika peke yake ndiyo itakayonena."

Mbao nzito zilikuwepo: mninga, darini, aliouhifadhi Kindness kwa kabati lake la vyombo. Yoramu akasimama mbele yake jikoni, akanena kama balozi aliye mbele ya malkia.

"Mama Goodness, nikopeshe mbao zako. Besi yangu isiposikika, nitayabomoa masanduku kwa mikono yangu, nawe utapata kabati."

Kindness aliendelea kumenya ndizi. "Chukua. Kabati nimeshalipata."

Jumapili baada ya ibada, mvua ikinyesha migombani, masanduku yaliwekwa sebuleni, yamekazwa skrubu, yamejazwa pamba ya godoro, mazito hata watu wawili waliyabeba kwa kupumzika. Mashemeji wakaketi. Yoramu akaitia ile kanda redioni, akabonyeza.

Soprano zikapaa. Tenori zikajibu. Kisha chini yao, laini na nzito kama ngurumo iliyo mbali, ikaja besi, wala ukuta wa mninga haukutikisika. Wimbo ukaisha, kwaya ikanyamaza. Sauti moja peke yake ikaendelea kuvuta noti, ikashtuka, ikakatika.

Kindness akaitazama spika, kisha mumewe.

"Kumbe uliimba," akasema. "Na ulichelewa kunyamaza."

"Nilichelewa," akajibu Yoramu, machozi yakimlengalenga. "Rudisha tena, tusikie nilivyochelewa."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Machame, na wajukuu wakaririshwe: Jumapili ile, saa nane mchana, ilithibitika mbele ya mashemeji sita kwamba Yoramu alikuwepo.