Kidole Changu Hakionekani Tena

Barabara ya Mashamba Namba 9,
Kesler Flat, Texas.
Jumatatu, 7 Julai

Kwako Bwana Orville Pruett, mwenye kuhariri gazeti letu la kila Alhamisi,

Shikamoo. Jina langu ni Annalee Teague, mjukuu wa marehemu Hollis Teague, yule mwenye pikapu ya rangi ya siagi ya karanga. Nilimaliza shule mwezi Mei. Nimo katika ile picha ya wahitimu uliyoichapa: mimi ni yule aliye nyuma ya msichana mrefu, linaonekana sikio langu tu. Sikuandikii kulalamikia picha. Ile picha ilinifaa sana.

Nimekuandikia wewe, si Kamishna wa Kaunti, kwa sababu mbili. Kwa Kamishna inabidi mtu asimame mbele ya watu na kusema kwa sauti. Pia, wewe na mimi ndio madereva pekee tuliobaki chini katika mji huu. Wewe una gari lako dogo la buluu, na mimi nina pikapu niliyoachiwa na Babu, ambayo kimo chake ni kilekile iliyotoka nacho kiwandani mwaka 1996. Wengine wote wameyainua magari yao kwa springi ndefu na tairi kubwa. Nami nimebakiwa na siku tano. Usiponisaidia, Jumamosi saa mbili asubuhi fundi Rowdy Ballew ataiingiza pikapu ya Babu gerejini kwake, ataipandisha inchi sita, na haitakuwa ya Babu tena.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidole. Babu alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na miwili, katikati ya pamba, na somo la kwanza halikuwa breki. Lilikuwa kidole. Mikono yote iko kwenye usukani, gari linakuja mbele yako, unanyanyua kidole cha shahada peke yake kumsalimia mwenzako, kisha unakirudisha. Si mkono mzima. Babu alisema mkono mzima ni wa watu wanaotafuta kura. Na si kidole cha jirani yake, maana hicho kina habari nyingine.

Wewe wajua hayo yote, umezaliwa hapa. Usichojua ni kwamba mimi ni mtu wa haya mno. Shuleni nilikula mkate mtupu miaka minne kwa kuogopa kumwambia mpishi kwamba nataka maharage. Lakini barabarani nilikuwa mtu wa watu. Nilimsalimia kila mtu, na kila mtu alinisalimia, na hakuna aliyehitaji kufungua mdomo. Kidole hiki ndicho maongezi yangu yote.

Sasa pikapu zinakuja zikiwa juu sana hivi kwamba mimi naona bampa na tumbo la injini, na wao kule juu wanaona paa langu. Jumanne iliyopita, kutoka nyumbani hadi duka la chakula cha mifugo, nilipishana na pikapu kumi na moja. Nilinyanyua kidole mara kumi na moja. Nilisalimiana na bampa kumi na moja. Anayeniona bado ni rubani wa ile ndege ya kunyunyizia pamba dawa, ambaye hunitikisia bawa, na nashukuru, ila huyo kazi yake ni ya msimu.

2. Sifa yangu. Kwa kuwa hawakioni kidole, wanasema sikitoi. Mama Wanda Ochsner, anayemtengeneza Bibi Verdell nywele kila Ijumaa, alisema mbele ya saluni nzima: "Verdell, huyo mjukuu wako kamaliza shule tu, kashaota mapembe. Napishana naye kila siku, hata kidole kimoja hatoi." Bibi alikuwa ameingiza kichwa kwenye kikaushio, hakusikia vizuri, akajibu, "Asante, Wanda, amelelewa hivyo."

Basi ikawa imethibitishwa na familia.

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha pamoja kanisani, bakuli langu la saladi ya viazi lilirudi nyumbani limejaa. Mwaka jana lilikwanguliwa kwa kijiko mpaka maua ya bakuli yakafifia. Nililiweka kwenye jokofu nikaenda kukaa ndani ya pikapu kwa muda.

3. Dawa niliyoandikiwa. Baba Mdogo Lyle alinikuta mle ndani ya pikapu. Nilimweleza yote, na ilinichukua muda. Akasema, "Hawakuoni? Panda juu. Shida iko wapi?" Akanipeleka kwa Rowdy.

Mhariri, walisimama mbele ya pikapu ya Babu kwa muda wa saa tatu nzima, mikono kiunoni, wakiongea juu yake kana kwamba ni ng'ombe mgonjwa. Mimi nilisimama karibu na mashine ya soda. Nilijifunza kwamba kupandisha inchi mbili ni kwa walimu. Inchi nne ni kwa watu wa benki. Inchi sita, Rowdy akavua kofia kidogo, "hapo sasa tunaongea." Ukipandisha bila kubadilisha tairi, gari linafanana na mtu aliyevaa suruali fupi. Ukiweka tairi kubwa bila kupandisha, zinasaga madigadi kila ukikata kona. Kwa hiyo springi zinahitaji tairi, tairi zinahitaji rimu pana, rimu zinatoka nje ya ubavu wa gari kwa vidole vinne, halafu Rowdy anasema madigadi nayo yanahitaji kupanuliwa kwa heshima ya rimu. Hakuna mahali pa kusimama. Ni kama kumwalika shangazi mmoja, akaja na wenzake wote.

Akanionyesha tairi za inchi thelathini na tano, zenye meno ya kumtisha mtoto. Akasema ni za matope. Hapo ndipo niliposema neno langu pekee la siku ile. Nilisema, "Matope?"

Baba Mdogo alitazama nje, ambako hakujanyesha tangu Februari. Rowdy akaweka mkono juu ya tairi, polepole, akasema, "Dada, si suala la matope. Ni suala la kuwa tayari."

Kisha akaniandikia Jumamosi saa mbili. Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshamaliza maneno.

4. Mwendo. Hili linaihusu kaunti nzima, kwa hiyo nakuomba ulitilie maanani. Tairi ikiwa kubwa, mshale wa mwendo haujui. Unasoma hamsini na tano nawe unakwenda sitini. Mji mzima sasa unafika kila mahali mapema bila kujua sababu. Ibada ya saa nne inajaa saa nne kasorobo. Mchungaji anadhani ni uamsho na ameanza kuhubiri kwa muda mrefu zaidi, na mimi na Bibi, ambao tunafika saa nne kwa mshale wa kweli, tunatembea katikati ya kanisa huku watu wote wamegeuka. Wewe hujui maana ya hilo kwa mtu aliyezoea kuonekana sikio.

5. Nyonga za Bibi. Ana miaka themanini na mmoja. Ndani ya pikapu ya Babu anaingia kama anayekaa kwenye kochi lake. Ndani ya pikapu ya Baba Mdogo Lyle anaingizwa. Wiki iliyopita ilihitaji kreti ya maziwa, wazee wawili wa kanisa na hesabu ya moja mbili tatu. Alipofika juu alirekebisha kofia akasema yeye si robota la pamba. Pikapu ya Babu ikipandishwa, Bibi hatapanda tena kile kiti cha kulia alichokikalia miaka yote ya Babu. Hili ndilo linaloniumiza kuliko kidole, na ningeliweka la kwanza, ila nimeandika kwa wino.

6. Nimejaribu njia za amani. Nilichukua mafagio mawili, nikafunga mpini kwa mpini, nikavika juu yake glavu ya kazi ya Babu, nikakunja vidole vyake vyote kwa waya isipokuwa cha shahada, nikaufunga mti huo nyuma ya kichwa cha pikapu. Nia ilikuwa kidole kipite sawa na macho ya walio juu. Kilipita juu zaidi. Mbele ya benki kilinasa kwenye kamba ya kile kitambaa cha HONGERA WAHITIMU kilicholegea, glavu ikabaki, mimi nikaendelea.

Imening'inia pale hadi leo, kidole kikielekea mbinguni. Watu wameanza kuisalimia. Nimekaa kwenye maegesho ya benki nikahesabu: pikapu ishirini na mbili kwa saa moja, na kumi na tisa zilitoa kidole. Nina furaha kwa ajili ya glavu. Lakini glavu haijamaliza shule, wala haijapika saladi ya viazi.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, uandike kwenye ukurasa wa mbele Alhamisi hii:

(a) Kwamba pikapu zote za kaunti zishushwe kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi.

(b) Kama hilo ni gumu, basi kaunti iinue upande wetu wa barabara inchi sita, kwenda na kurudi. Ni magari mawili tu yatakayotumia, langu na lako, kwa hiyo haitachakaa.

(c) Kama lami haitoshi, ichimbwe mifereji miwili upande wao, wateremke kidogo wanapotukaribia. Kwa kuwa wana tairi za matope, na wamekuwa tayari muda mrefu, nadhani watafurahi.

(d) Kwamba Rowdy Ballew akatazwe kufikiri juu ya inchi nane. Alizitaja nilipokuwa natoka. Nikipanda sita, wao watakwenda nane, nami nitaandikiwa Jumamosi nyingine, na kufikia Krismasi tutakuwa tunasalimiana na yule rubani ana kwa ana huku Bibi akipandishwa kwa kamba.

(e) Kwamba iandikwe, hata kwa herufi ndogo, hata chini ya matangazo ya mbuzi, kwamba Annalee Teague anasalimia. Amekuwa akisalimia siku zote.

Uwape salamu Mama Pruett, mpiga chapa wako, yule paka wa ofisini, na wote wanaosoma gazeti hadi ukurasa wa mwisho. Bibi angekusalimia pia lakini hajui kwamba naandika.

Mimi niliye chini yako kwa umri na sawa nawe kwa kimo cha gari,

Annalee Teague

N.B. Leo ni Jumapili, tarehe 13. Utaona barua imechelewa. Nilikuja nayo ofisini kwako Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kila mara kulikuwa na mtu kwenye kaunta.

Tafadhali usiichape.

Jana niliamka saa moja na nusu nikakuta pikapu haipo. Baba Mdogo naye aliapa hakuigusa. Tulikimbilia kwa Rowdy, na ndani ya gereji tulimkuta Bibi, aliyekuwa ameileta mwenyewe, kofia ya kanisani kichwani, mkoba magotini, amekaa juu ya rundo la tairi akichagua rimu. Nilimwambia Bibi nyonga, Bibi kreti ya maziwa, Bibi gari la Babu. Nadhani nilisema maneno arobaini mbele ya watu wanne. Alinisubiri nimalize.

"Mwanangu," akasema, "miaka hamsini nimekaa kwenye kiti cha kulia, gari baada ya gari, nikipokea salamu za kaunti nzima kwa kidole cha babu yako. Sitamalizia uzee wangu nikitazama bampa." Kisha akamgeukia Rowdy. "Hizo nyeusi ni za mazishini. Nipe zile zinazong'aa."

Ni inchi sita na tairi za inchi thelathini na tano, za matope. Bibi anapanda kwa ngazi ya kuchumia pichi, ambayo tunaifunga nyuma. Alipofika juu hakusema lolote kuhusu nyonga. Alisema, "Kumbe Wanda hana maua uani, ana magugu tu."

Kutoka gerejini hadi nyumbani tulipishana na pikapu kumi na nne. Vidole kumi na vinne, Mhariri. Mama Wanda alitoa mkono mzima, kama mtafuta kura, na mimi nikacheka mpaka nusura niingie mtaroni, kwa mwendo ambao siujui. Mbele ya benki Bibi alitoa fimbo yake dirishani akaiangua glavu ya Babu kutoka kwenye kamba. Leo tumefika kanisani saa nne kasorobo. Bakuli la saladi limerudi tupu, na limepungua kijiko.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuletee barua hii hata hivyo. Yule msichana mrefu ameniambia kwamba jana, pale kwenye duka la chakula cha mifugo, ulipita katika gari lako la buluu ukaninyanyulia kidole, mara mbili, nami nikapita kimya. Sikukuona, Bwana Pruett. Nakuapia nilitazama mbele.

Glavu iko katika mfuko huu. Mafagio nimeyaegemeza nje ya mlango wako, maana hata Jumapili kulikuwa na mtu kwenye kaunta.