Gari Yenye Kujitembeza Toka Irumu

Citoyen Chef wa Cité, unayewakilishwa hapa na kiti chako. Citoyens wazee wa Rwambuzi. Citoyennes wamama wauza kabichi. Mapadri na wachungaji, mulio na haki ya kivuli. Citoyen mupiga picha, upande huu, upande wa medali. Nanyi wengine wote muliokuja salongo ya leo, kazi ya wote, na mapanga, mukifikiri ni ya kukata majani:

Mimi, Citoyen Katsuva, Commissaire-Délégué wa Mwendo wa Kudumu, Rais wa Kamati ya Autoroute, barabara kubwa ya Bunia–Irumu, na tena makamu wangu mwenyewe, ninawasalimu mara moja kwa cheo cha kwanza na mara ya pili kwa cheo cha makamu. (Makofi. Anayepiga ni mumoja, sekretere wake Isidore.)

Citoyens, dunia inaenda mbele, na siye tunaenda nayo, tena kwa mwendo moja. Gari hii munayoiona, nyeupe chini ya matope, ilitoka Amerika, ikavuka bahari, ikaingilia Ariwara, na ndani yake iko na chombo kinaitwa régulateur: mutu anafinya buton, anatoa mguu ku gaz, na gari inashika mwendo yenyewe, haiongezi, haipunguzi, hata shofere akinywa chai. Kwa hiyo, katika cadre ya programme d'urgence yetu, mupango wa haraka wa miaka kumi na mbili, na kwa kuwa asilimia mia moja na ine ya wakaaji wamekwisha kukubali, kuanzia mwezi kesho kila chombo chenye magurudumu kati ya Bunia na Irumu, pamoja na vélo, kinga za kubeba ndizi, kitatembea kilometre makumi tisa kwa saa, bila kubadilisha. (Kicheko. Yeye anasikia furaha.)

Kuna mutu aliuliza kama barabara inaruhusu. Ni Citoyen Kule, shofere wangu, bwana wa Mama Véronique, mama huyu anayekaa pale mbele na kikapo cha maharagi. Nitaeleza. Juzi tulitoka Irumu kwa essai rasmi, kujaribu gari. Tulipofika ku lile shimo ambamo lori ya samaki ilikaa siku tisa, nilifinya buton kwa kidole changu mwenyewe, nikapandisha vioo, nikafunga macho ili nisikilize mashine. Na gari ikatembea. Motere kimya kabisa, alama ya teknoloji ya juu. Kilometre kumi na sita, masaa munane, mwendo ule ule ku mulima na ku mutelemuko: kilometre mbili kwa saa, mpaka hapa. (Mutu wa nyuma anasema walikuwa watu makumi mbili, na mabega yao yangali yanauma.) Ndiyo, ndiyo, nilipofungua macho niliona ku kioo cha nyuma watu fulani wakifuata maendeleo, wakaweka hata mikono ju ya gari, kwa mapendo.

Na ni hapo Kule aliharibu mambo. Alisema, mbele ya Isidore mwenye kuandika raporo, kwamba motere ilikufa mule ndani ya shimo, na kwamba régulateur inataka barabara kwanza. Ndiyo sababu Kule iko mu kasho ya polisi tangu juzi. Haiko chuki. Ni kulinda sayansi. (Mama Véronique anasimama. Anauliza, kwa upole, baba ya watoto wake atarudi nyumba siku gani.)

Swali nzuri, mama. Hata mimi ni baba, na jambo hili liliniuma jana karibu nusu saa. Nitajibu mbele ya watu wote, na mupiga picha akuwe tayari. Kule atatoka siku ile goudron, lami ya barabara, itafika Irumu. Neno langu ni moja, kama mwendo wangu. (Makofi ya Isidore.)

Sasa wote pamoja! Nikisema "Mwendo", mujibu "Moja". Mwendo! (Sauti tatu.) Nikisema "Mguu", mujibu "Kando". Mguu! (Isidore peke yake.)

Namaliza kwa kushukuru wanakamati wote wa Autoroute, waliofunga kazi zao mwaka jana, kesho yake ya karamu ya kuzifungua, bila kuchafua beleshi hata moja, autoroute ingali ju ya ile karatasi ambayo, Isidore ananikumbusha, tulifungia karanga za kikao. Hiyo ndiyo nidhamu. Asanteni sana. Naomba basi watu makumi mbili wenye mapendo wajipange nyuma ya gari, maana chakula kinaningojea.

(Anaingia, anapandisha kioo. Hakuna mutu anayesogea. Wale makumi mbili wa juzi wameweka mapanga chini na wanamwangalia Mama Véronique. Anaweka kikapo chake, anakwenda mpaka ku gari, anagonga kioo kwa kidole na kungoja kishuke.

"Finya buton, Citoyen Commissaire," anamwambia. "Siye tunangojea Kule.")