Lehemu Yenye Kutu

Dokta Tamu hakuwa daktari, na utamu wake uliishia ulimini. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali kama mgonjwa halali, maana huu mwezi wa pili chini ya mbavu za kulia palikuwa panamchoma kila akila vya kukaanga. Hakuwa amemwambia mtu. Angewauziaje watu afya, naye anaitafuta kwenye foleni?

Mbele ya foleni, mtafiti mmoja, binti wa miwani mikubwa, alikuwa akiwaelimisha wagonjwa. "Ndani ya nyongo kuna lehemu, yaani aina ya mafuta ya mwilini," alisema. "Ikikutana na oksijeni huharibika, kama chuma kinavyoshika kutu. Tunashuku lehemu hiyo mbovu inawasha kifuko cha nyongo, na huenda inachangia mawe, hata saratani. Bado tunachunguza."

Masikio ya Dokta Tamu yalichuja kwa ustadi. "Tunashuku", "huenda" na "bado" yalibaki nje, kutu ikaingia. Zamu yake ilipokaribia, akainuka na kushika njia. Ukweli ni kwamba aliogopa sindano kuliko polisi, lakini hilo tumsitirie.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Waya, mjane aliyetengeneza redio kwenye kibanda cha kona, mkononi bangili nene ya dhahabu asiyoivua hata akiwa kazini. Kabla ya kupiga hodi alitoa koti jeupe mkobani, akalivaa, akaning'iniza kipimo cha moyo shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta redio au pasi?"

"Nimekuja kwa ajili yako. Macho yako yananiambia lehemu yako imeshika kutu."

Mama Waya akautazama ule waya laini wa kuunganishia vyuma, uliolala mezani kando ya chuma cha umeme cha kulehemia. "Lehemu hii? Nimeinunua juzi tu."

"Si hiyo ya redio, mama. Iliyo kwenye nyongo." Akamwaga somo lote la yule binti, akilitia chumvi kila lilipopwaya. Kisha akatoa chupa ya mafuta yaliyochanganywa na maji ya ndimu. "Tatizo ni dhahabu. Inavuta kutu. Bangili tunailoweka humu, naondoka nayo, kesho nakurudishia ikiwa safi na wewe ukiwa mzima."

Mama Waya akaanza kuivua taratibu, kama aliyekwisha lainika. Dokta Tamu akainama kufungua kizibo. Hapo hapo maumivu yakamkamata, akajishika ubavu, jasho likamtoka.

"Na wewe umejipima?" aliuliza Mama Waya, bangili ikarudi mahali pake.

"Mimi ni mtaalamu, mama."

"Mimi ni fundi, na bado redio ya nyumbani kwangu inakoroma. Njoo nikupime." Alichukua kipimo chake cha umeme, kile chenye waya mwekundu na mweusi. "Vua chuma chote. Kinavuruga kipimo."

Maneno hayo Dokta Tamu alikuwa amewaambia watu wengi, tena kwa sauti hiyo hiyo ya upole. Lakini leo aliyaamini. Akavua saa, pete, mkanda wenye kifungo cha shaba, na kipimo cha moyo juu yake.

Mama Waya akapitisha waya zote mbili chini ya shati, akazigusanisha ncha. Kipimo kikalia piiii. Mwanafunzi yeyote wa redio anajua kipimo hulia waya zake zikikutana, ila Dokta Tamu hakuwahi kusomea redio.

"Ni kutu?"

"Imejaa."

"Nitakufa, mama?"

Mama Waya hakucheka. Marehemu mumewe alikuwa akijishika hapo hapo, akisema ni gesi tu, mpaka siku alipopelekwa hospitali akiwa amebebwa. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

"Ukichelewa," alisema. Akaandika kikaratasi, akakikunja. "Mpe muuguzi wa hospitali. Usikifungue njiani, kitapoteza nguvu. Vyuma vyako viache hapa, tuviloweke."

Dokta Tamu akatoka mbio, mkono mmoja kwenye kikaratasi, mwingine kwenye suruali.

Muuguzi akasoma: "Huyu si daktari. Anaumwa kweli chini ya mbavu za kulia, na ni mwoga. Hana mkanda, akitoroka hatafika mbali."

Picha ya tumbo ilionyesha mawe saba ndani ya kifuko cha nyongo. Daktari wa kweli alisema angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine. Alipozinduka baada ya upasuaji, Dokta Tamu alitafuta saa yake mkononi, akakumbuka.

"Kuna mama alipita kukujulia hali," muuguzi alimwambia. "Amefurahi kusikia umepona. Anasema saa yako ameikuta imeshika kutu vibaya sana, bado anailoweka."