Makosa Mia Mbili na Kumi na Mawili ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 3

Mke wangu amecheka tena. Mara nne kabla ya chai, mara mbili baada yake. Anasoma jikoni, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mwiko umesahauliwa ndani ya sufuria. Maharage yameungua. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba Kuhani Mkuu amefumaniwa akiroga sanduku la kura, kwa hiyo nisimsumbue.

Kitabu ni cha shemeji. Mdogo wake wa kiume, fundi saa. Mtu aliyetumia miaka thelathini akichungulia matumbo ya saa za watu kwa jicho moja. Sasa ana mfululizo wa riwaya! Baraza la Ukungu: kitabu cha kwanza, cha pili, na tangu Ijumaa, cha tatu.

Nifafanue, maana shajara isiyofafanua ni kelele. Shemeji amebuni historia ambayo haikutokea. Katika historia hiyo jeshi la wavamizi halikuvuka mto, kwa sababu waganga wa mvua waliufunika kwa ukungu siku tisa, na majemadari wakarudi kwao na mafua. Tangu hapo nchi inatawaliwa na baraza lenye pande tatu: makuhani, wachawi, na wabunge wa kawaida, ambao hawana uwezo wowote ila kulalamika. Wafu wanapiga kura. Mito inakula rushwa. Watu wanakigombania kitabu hiki.

Mimi pia naandika historia ambayo haikutokea. Nilianza kabla yake! Miaka kumi na minne sasa. Mfululizo wangu unaitwa Laiti. Nilifundisha historia miaka thelathini na sita, kwa hiyo najua kwamba huwezi kubadili tukio kabla hujaeleza vizuri lilivyotokea. Niko ukurasa wa 311. Tukio lenyewe bado. Kwanza nimalize ushuru wa chumvi.

Mke wangu aliianza Laiti miaka sita iliyopita. Yuko ukurasa wa 88. Najua, kwa sababu ameweka kadi ya kliniki ya macho mahali alipoishia, na kadi haijasogea. Sitaki umaarufu. (Nautaka, lakini hilo tuliache.) Nataka kitu kimoja: mwanamke huyu afike mwisho wa jambo lolote nililoandika mimi.

Nimenunua kalamu tatu nyekundu.

Jumanne, tarehe 4

Mpango ni huu. Natafuta makosa yote ya shemeji, nayaandika pembeni mwa kurasa, ili kila msomaji ayaone na aone haya kuendelea. Nakala ya mke wangu haishikiki. Analala nayo chini ya mto. Nimeazima ya maktaba. Wanazo tatu.

Ndiyo, kuna tangazo ukutani: ni marufuku kuandika ndani ya vitabu. Nalijua. Nililitunga mimi nilipokuwa mwenyekiti wa kamati, pamoja na aya nne za maelezo. Lakini aya ya tatu inataja "maandishi ya kipuuzi". Kusahihisha si upuuzi. Nimejiruhusu.

Makosa 41 kufikia sura ya tatu! Kosa la 7: wafu wanapiga kura, lakini nani aliwaandikisha? Walionyesha kitambulisho gani? Kosa la 19: kuhani wa kike anaugeuza mto upande mlima, ili masanduku ya kura ya wapinzani yaelee kurudi yalikotoka. Sawa. Na maji yamekwenda wapi? Nimechora ramani. Kosa la 33: mchawi anaapishwa kwa kiapo cha makuhani, kwa hiyo hawezi kushtakiwa wala kulogwa. Katiba ya wapi hii?

Kila mwisho wa sura natoa alama, kama zamani. Sura ya kwanza: 40 kwa mia. "Una akili lakini huitumii." Mkono ulijiandikia wenyewe.

Alhamisi, tarehe 6

Nimemaliza. Makosa 212. Alama za jumla, kwenye ukurasa wa mwisho, ndani ya duara: 34.

Nikiri jambo moja kwa ajili ya ukweli wa kihistoria. Ukurasa wa 290, malkia, mkuu wa lile baraza, amechoka na kiti lakini hathubutu kukiachia. Mama yake, marehemu, anabakiwa na kura moja. Anampa mpinzani wa binti yake, ili mtoto arudi nyumbani akalale. Pana doa kwenye ukurasa huo. Pembeni nimeandika: "Kosa la 198. Vumbi. Doa hili lisidhaniwe kuwa ni chozi. Dirisha lilikuwa wazi." Nikaeleza mwelekeo wa upepo.

Mchana shemeji alikuja kurekebisha saa ya ukutani. Alinyenyekea kama kawaida yake. Hicho ndicho kinachoniudhi! Mtu mwenye vitabu vitatu angeringa kidogo, nikapata pa kushika. Alisema yote aliyonayo ya historia aliyapata kwangu, kwa kunisikiliza mezani. Akauliza kama anaweza kuisoma Laiti. Nikamwambia haijaiva. Akasema atasubiri. Dada yake akamwongezea nyama. Mimi nilikuwa na sahani tupu, na nilikuwa karibu zaidi na sufuria!

Saa sasa inakwenda sawasawa. Inanikera kila dakika.

Kitabu nimekirudisha jioni.

Jumamosi, tarehe 8

Nilikwenda maktaba kushuhudia anguko.

Nakala mbili safi zilikuwa zimelala rafuni bila mtu. Nikafurahi. Kisha nikaona foleni. Watu kumi na saba, na daftari la majina mezani. Wote wanataka ile nyekundu!

Mkutubi aliniamkia, akanieleza bila kunitazama usoni kwamba mharibifu fulani amechafua kitabu cha umma, kwamba alitaka kukitupa, ila alianza kusoma pembeni na akasahau kwenda kula. Wanamwita huyo mtu Bwana Kasoro.

Nesi wa zahanati alikuwa ameshakishika, anawasomea wenzake kosa la 19. Mwenye bucha alicheka hadi akashika nguzo. Nesi alisema mto ule umemtesa tangu kitabu kitoke, hatimaye kuna mtu mwenye akili ameuliza maji yamekwenda wapi. Nilikohoa. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kwamba mwandishi wa maelezo hayo lazima awe msomi wa hali ya juu. Mwenye bucha akafuta macho, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Msomi sijui. Ila nawaambia, huyu hana wa kumsikiliza nyumbani. Mtu mwenye wa kumsikiliza hamalizi kalamu namna hii!"

Wote walicheka. Nikacheka pia, ili nisijulikane. Ilinichukua nguvu nyingi.

Kibaya zaidi, nambari ya pili kwenye daftari, baada ya nesi, ni shemeji. Yuko foleni kuazima kitabu chake mwenyewe! Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaninong'oneza kwamba huyo Bwana Kasoro amemfunza mengi, na kwamba katika kitabu cha nne maji yatakuwa na pa kwenda.

Yaani nimemsaidia. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatatu, tarehe 10

Msiba. Mke wangu ameleta ile nakala nyekundu. Amewaruka watu wote kwenye daftari, kwa sababu mkutubi ni rafiki yake wa tangu shule. (Nilipokuwa mwenyekiti, mambo haya hayakuwepo. Yalikuwepo, lakini hayakuninufaisha.)

Fikiria! Kitabu amekimaliza juzi. Sasa anakisoma mara ya pili! Na anacheka zaidi ya mara ya kwanza. Vicheko kumi na tisa kufikia saa nne. Kwenye kicheko cha kumi na mbili aliweka kichwa mezani. Miaka thelathini na nane ya ndoa, sijamlaza kichwa mezani hata siku moja, ila kwa usingizi.

Nilimweleza madhara ya kusoma kitabu kimoja mara mbili: misuli ya jicho, kioo cha jicho, na kadhalika. Akasema, "Mwalimu, umenizibia mwanga. Nipishe."

Alipotoka kuanua nguo nilikichukua kitabu, nikakifukia ndani ya pipa la unga. Mahali salama. Hakuna anayelifungua pipa lile.

Sikuzingatia kwamba analifungua kila siku saa kumi na moja.

Alikitoa taratibu. Hakufoka. Alikipuliza, unga ukanirukia usoni.

"Vumbi," akasema. Akanitazama. "Dirisha lilikuwa wazi, eti?"

Nilikwenda kukagua bomba la maji nje. Bomba ni zima.

Jumanne, tarehe 11

Amesema alijua tangu kosa la kwanza. Sikutegemea. Nilibadili mwandiko wa herufi nne! Amesema hata ningeandika kwa mguu angejua, kwa kuwa tangu tuoane hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa orodha ya sokoni yenye maelezo. Akaitoa ya wiki iliyopita kwenye mkoba, akanisomea: nyanya sita, si saba, kwani ya saba huoza Alhamisi.

Amesema amesoma makosa yote 212, hadi duara la mwisho. Lile la 198 amelirudia mara tatu.

Hapa ndipo nilipaswa kuridhika. Nililiona hilo. Lakini mwanahistoria haachi swali likining'inia. Nikauliza: kati ya shemeji na mimi, nani amemchekesha? Akasema, "Mdogo wangu nilimcheka kwa adabu. Wewe, mume wangu, umenivunja mbavu."

Kwa adabu! Kwa nini yeye apewe adabu, mimi nipewe mbavu? Nimelifikiria neno hilo tangu mchana. Kumcheka mtu kwa adabu ni kumweka juu. Ni wazi anamheshimu zaidi.

Kisha akaniuliza kwa nini Laiti siiandiki hivi, fupi fupi na yenye hasira. Nikamweleza tofauti kati ya kitabu na maandishi ya pembeni mwa kitabu. Nilipofika hoja ya tatu aliinuka, akaenda kwenye kabati, akatoa mswada wa Laiti, akaitoa ile kadi ya kliniki na kuiweka mezani.

Halafu akanyoosha mkono. Alitaka kalamu nyekundu.

Jumatano, tarehe 12

Amerudisha kitabu maktaba asubuhi, akakung'uta unga mlangoni. Tangu arudi anasoma Laiti. Jikoni! Imeegemezwa kwenye kopo la chumvi! Maharage yameungua, na safari hii yameungua kwa ajili yangu.

Yuko ukurasa wa 140. Kurasa hamsini na mbili kwa siku, baada ya miaka sita ya ukurasa mmoja.

Alipokwenda kuoga nilichungulia. Ukurasa wa 91: "Ushuru wa chumvi nimeuelewa. Songa mbele." Wa 96: "Bado chumvi?" Wa 103: "Hapa nilikunywa maji." Wa 121, mahali ambapo mganga wa mvua anakataa kumwombea mfalme kwa sababu mfalme hakumwamkia mama yake: "Hapa pazuri sana. Kwa nini umepaficha huku nyuma, Mwalimu? Wangekusoma." Amepigia mstari mara mbili. Chini yake pana doa dogo. Hakueleza la nini.

Nilikaa na ukurasa huo kwa muda. Nilihisi kitu kifuani. Pengine gesi.

Kisha nikafunua ukurasa wa 140. Ameweka alama za muda, ndani ya duara, kama mimi.

31.

Thelathini na moja! Nimehesabu upya. Shemeji, fundi saa, mwenye mto unaopanda mlima, alipata 34. Mimi nina ukurasa mzima wa marejeo, nina 31. Alama tatu chini yake, ndani ya nyumba yangu, kwa wino wangu! Na shemeji ndiye anayefuata kwenye daftari. Kesho atakichukua, kesho kutwa atafungua ukurasa wa mwisho, aione 34. Jumapili atakuja kula, dada yake atamwonyesha 31. Atanionea huruma. Atanyenyekea! Siwezi.

Mke wangu ameita kutoka jikoni, anauliza mfalme yule atafanyaje bila mvua, na kusema chakula kiko mezani. Nimemwambia asubiri. Nina kazi.

Maktaba hufunguliwa saa mbili. Saa mbili kasoro robo nitakuwa mlangoni, nikiwa na kalamu ya tatu. Sitafuta kitu, kufuta ni kughushi. Kati ya ile 3 na ile 4 pana nafasi nzuri. Nukta moja inatosha.

Pembeni, kwa ufupi, nitafafanua.