Tangi la Kipimo cha Jenerali

Jumatatu, 3 Machi

Vifungo, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ameweka tangi la samaki dukani kwake. Visamaki vya rangi nyingi, vidogo kama kucha! Wateja wangu mimi wanakwenda kusubiria nguo zao kwake. Na kwaya iko mbioni kuchagua fundi wa kushona majoho mapya. Mke wangu amesema wazi: nikiikosa kazi hiyo, nusu ya duka anapewa dada yake afungue saluni. Hakutabasamu. Basi, dawa ya moto ni moto. Nanunua samaki mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata! Jina nimempa Jenerali. Mweusi, ana madoa mekundu, kanuna muda wote. Muuza samaki akaniambia huyu ni mgomvi na bado mtoto, nisimpime alivyo, nimpime atakavyokuwa. Anataka tangi refu kama kitanda. Nikacheka. Samaki alale kitandani, mimi nilale wapi? Mimi wa kufundishwa kupima? Nikavua futi yangu shingoni, nikampima: mdomo mpaka mkia, mgongo mpaka tumbo. Nikaongeza vidole viwili vya kupumulia, kama koti. Akikua, tutaachia pindo.

Jumamosi, 8 Machi

Tangi limemkaa! Fundi vioo aliuliza tena na tena kama sijakosea vipimo. Wivu tu. Nimemwekea Jenerali wenzake wawili wadogo, apate watu wa kuzungumza nao. Kawameza kabla sijafunika. Wateja wakapiga makofi! Vifungo akatoka nje, akajifanya anafagia. Kufagia gani huko, macho yote kwangu? Furaha imenizidi hadi nimetoboa tundu la kifungo mgongoni mwa shati la watu.

Jumatatu, 31 Machi

Kioo hakina pindo. Hili sikuliwaza. Jenerali amekua, hawezi tena kugeuka. Kutwa kaelekea ukutani, wateja anawaonyesha mkia. Mke wangu kasema nimemvisha kaptura ya utotoni. Muuza samaki naye kaniuliza kama nimeshanunua tangi jingine. Nikamjibu samaki wangu anapenda kubanwa. Lakini namhurumia, kweli. Ndipo wazo likanijia! Nimechukua kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja, nikakisimamisha ukutani, mbele ya uso wake. Chumba kidogo kikiwa na kioo huonekana kikubwa. Jenerali ataamini ana nafasi maradufu. Akili ni mali.

Alhamisi, 3 Aprili

Ole wangu! Jenerali hakuona nafasi, aliona adui. Tena adui asiyekubali kuondoka! Tangu juzi wanapigana vichwa. Leo kaja mwenyekiti wa kwaya, mama mpole, kapanda kigoda nimpime urefu wa joho. Nimepiga magoti, pini mdomoni, nikasikia pa! Tangi limepasuka. Maji sakafu nzima, Jenerali ndani ya mkoba wa mama mwenyekiti. Nikatumbukiza mkono nimtoe, akaning'ata kidole. Nikapiga ukelele, pini zikatapakaa. Mama akashuka polepole, akasema kwaya yao inaimba tu, haijaanza kupiga mbizi. Akavuka barabara viatu mkononi. Vifungo alishamfungulia mlango.

Jumapili, 6 Aprili

Majoho kayapata Vifungo. Shemeji kahamia, na viti vyake na mashine yake ya kukaushia nywele. Cherehani yangu imesogezwa hadi mlangoni; kila anayekuja kusukwa lazima anikanyage kwanza. Nimeumia. Duka hili nililianza na meza moja ya kuazima. Mke wangu kaja kuketi karibu nami, kanifunga kidole upya, kaniuliza kwa upole kama safari hii nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza, tena sana. Jenerali, ambaye sasa yuko kwenye beseni la kufulia, hana ukali wowote: ni upweke. Kesho namletea mke, mkubwa kuliko yeye, amtulize. Mke wangu akainuka, akaenda kukaa kwa dada yake, upande wa saluni. Haidhuru. Vipimo nimeshampelekea fundi vioo. Tangi jipya nimelipunguza kidogo kuliko la kwanza, maana duka nalo limepungua.